Ngeli za Waagaji: Uchunguzi wa Usiku wa Mwisho wa Ukumbi Mmoja

Elimu ya kuaga kumbi za starehe bado changa, na nadhani sababu ni kwamba watafiti wake huingia na akili zao na kutoka bila madaftari yao. Mimi nilijihami nikaenda na madaftari mawili. La kwanza lilimwagiwa bia na jirani yangu kabla ya saa nne usiku. Yote yafuatayo yametoka katika la pili, nililokuwa nimelikalia.

Kama yupo atakayeuliza baa na usomi vinahusiana vipi, Wafaransa walikwisha kumjibu. Mwaka 1881 Rodolphe Salis alifungua kabare ya Chat Noir huko Montmartre, Paris, na wahudumu akawavisha makoti ya wajumbe wa Akademia ya Ufaransa, ile inayoilinda lugha yao isiharibiwe na watu wanaoizungumza. Kwetu makoti hayakuwepo. Mama Kaunta, aliyeuendesha ukumbi mzima akiwa nyuma ya friji mbili, alivaa fulana ya kampeni ya mgombea aliyeshindwa. Lakini kwa kulinda lugha, sijaona mlevi aliyemshinda kwa maneno.

Ukumbi ulikuwa Dar es Salaam, upande wa Magomeni. Jina nalihifadhi, kwa kuwa mwenyewe bado anadai watu na bado anadaiwa. Ulizaliwa katika zama za maonyesho, wakati kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, vichekesho, taarab na dansi la kufungia. Hizo ndizo zilizokuwa kabare zetu, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Kikundi cha Muungano cha Norbert Chenga kilijaza kumbi za namna hiyo katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 ikaja TOT ya Kapteni John Komba, watu wakapata cha kubishania. Hata sarakasi, ambayo watoto wa uswahilini tulidhani ni yetu ya asili kama mdundiko, ilitoka kwa vijana waliopelekwa China miaka ya 1960 wakarudi wanaweza kuweka miguu shingoni. Halafu mwaka 1994 televisheni ikaingia Bara. Watu wakagundua kwamba kichekesho kinaangalika hata ukiwa nyumbani umejifunga msuli, na ukumbi ukaanza kuugua. Uliugua muda mrefu, kama mzee wa ukoo ambaye kila mwaka watu wanasafiri kuja kumzika na kumkuta anakunywa uji. Safari hii mwenye kiwanja alisema anataka kujenga fremu za maduka, na neno fremu likishatajwa Dar es Salaam hakuna rufaa.

Bajaji yenye spika ikapita mitaani na tangazo: Jumamosi, usiku wa kuaga, kiingilio elfu tano pamoja na kinywaji kimoja.

Wazungu wanaye Linnaeus, aliyechapisha mpangilio wake wa viumbe mwaka 1735. Sisi tuna ngeli. Hatujui nani alizipanga, tulizikuta mdomoni. Kila kitu duniani kimekwisha kupewa kundi lake, na mtoto wa miaka minne hakosei. Kwa hiyo sikuona haja ya kubuni nadharia. Nilisimama karibu na mlango, nikawa nampangia kila anayeingia ngeli yake.

Taabu ilianza na walioingia kwanza, nao walikuwa vijana. Kwa umbo, kijana ni wa KI-VI, kundi moja na viti na vijiko. Kwa upatanisho ni wa A-WA, pamoja na kila chenye pumzi. Tunasema vijana wamekuja; hatusemi vijana vimekuja. Niliwatazama kwa saa nzima, nikaanza kuilaumu sarufi. Walisimama mstari mmoja kama viti vilivyopangwa, mikono juu, simu mbele ya nyuso, na jukwaa waliliona kupitia kioo tu hata lilipokuwa hatua tatu kutoka walipo. Mmoja alinisogelea kwa adabu.

“Shikamoo mzee. Eti hapa palikuwa ni nini?”

“Marahaba. Bado papo.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo zito, akaliandika chini ya picha.

Walifuata wa ngeli ya U, ngeli ya vitu visivyohesabika: upendo, uzee, uongo. Hawa walikaa meza ya mbele bila kuulizwa, kama wafiwa, na walikuwa wanahistoria. Mkubwa wao, mzee wa suti ya Kaunda iliyonyooshwa ikabaki na alama ya pasi, alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba mwaka 1975 alisimama hapa hapa, Sikinde inapiga, Muhidin Maalim Gurumo yuko kwenye kipaza sauti. Mtafiti analazimika kusema kwamba Mlimani Park, wenye Sikinde yao, walianzishwa mwaka 1978, na kwamba mwaka 1975 Gurumo alikuwa bado NUTA Jazz, bendi aliyokuwa nayo tangu 1964, ile iliyokuja kuwa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mzee wa pili aliliona kosa hilo na kulisahihisha kwa ukali: ilikuwa 1986. Mwaka 1986 Gurumo alikwisha kuhamia Safari Sound na mtindo wao wa Ndekule. Wakabishana hivyo kwa bia mbili nzima, mmoja akipanda na Sikinde na mwingine akishuka na Msondo, hadi mzee wa tatu, aliyekuwa anakula karanga kimya kimya, alipotema ganda na kusema:

“Ukumbi huu umejengwa mwaka 1988. Tofali mimi ndiye niliyeleta.”

Kisarufi, uongo hauna wingi. Nashauri Baraza la Kiswahili lilitazame jambo hilo upya.

Sasa kaunta. Kaunta ina ngeli yake, nayo ni I-ZI, ambayo nomino zake hazibadiliki ziwe moja au mia: bia moja, bia kumi. Mwanafunzi wa kigeni huona huo ni urahisi. Mdaiwa huona ni kinga. Ukimwambia, “Ulikunywa bia,” anakubali kwa moyo mweupe, na kazi ya kukisia ni ngapi amekuachia wewe. Mama Kaunta alikwisha kuugundua udhaifu huo wa Kiswahili miaka mingi iliyopita, na dawa yake ilikuwa vistari. Kila bia kistari. Vikifika vinne, cha tano kinavikata. Vyote vimo kwenye daftari moja la jalada gumu, lenye harufu ya sabuni na mishkaki.

Wadaiwa walikaa karibu na daftari. Hawakucheza. Walikuja kuangalia kama litazikwa pamoja na ukumbi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga; matanga yalikuwa yamefika, jukwaa limepambwa kwa maputo, lakini upande wa kulipa hapakuonekana dalili.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaweka daraja la chini kabisa la uainishaji huu, chini hata ya yule aliyemwaga bia. Kisha Mama Kaunta akaenda kugombana na muuza barafu, daftari akaliacha wazi, nami nikafanya kile ambacho msomi hufanya mbele ya nyaraka asiyoruhusiwa kuiona.

Ilinivurugia kila kitu. Katika usiku wote ule, ule ulikuwa ushahidi pekee usioweza kughushiwa, maana sijasikia mtu aliyejiandikia deni ili aonekane alikuwepo. Na ushahidi ulisema hivi: wale waliokaa kimya karibu na friji walikuwa wamekuja kila wiki, mvua na jua, vistari vyao vimejaa hadi pembezoni. Wale wa meza ya mbele, waliokuwa wakipangusa macho kwa leso, hawakuonekana ukurasa wowote wa karibu. Nilimdokeza mzee wa suti ya Kaunda, kwa heshima zote, kwamba jina lake silioni. Akanitazama kama mtoto wa jirani aliyeingia chumbani bila hodi.

“Mimi kumbukumbu zangu zote ni za fedha taslimu,” akasema.

Jibu zuri. Nililiandika. Kisha nikafunua kurasa za nyuma zaidi, wino umepauka, nikakuta jina langu. Bia 4, mishkaki 6. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilimsubiri Mama Kaunta arudi, nikalipa. Alihesabu noti mara mbili, akachora mstari juu ya jina, akasema bila hasira:

“Na wewe ulihama.”

Sikuliandika hilo wakati ule. Naliandika sasa.

Tuendelee. Ngeli ya LI-YA nitaipita mbio, kwa sababu ilijaa majigambo, matangazo ya mshereheshaji na machozi, na haya ya mwisho yaliongezeka kila moshi wa nyama choma ulipogeuka upande wetu, jambo linaloharibu takwimu. Lakini kwenye ngeli ya KU naomba msomaji avute kiti. Hii ndiyo ngeli ya vitendo vilivyogeuzwa kuwa majina, na kitendo kilichoutunza ukumbi ule miaka yote kilikuwa ni kutunza kwenyewe.

Kutunza, kwa asiyejua taarab, ni kuinuka ulipokaa na kumpelekea mwimbaji fedha huku akiimba. Vitabu vinasema ni zawadi. Vitabu hivyo vimeandikwa na watu waliokaa nyuma. Kutunza kwa shukrani kupo, ndiyo: mtu anakwenda, anatoa, anarudi. Usiku ule nilikuona mara mbili, na mara zote mbili kulifanywa na wageni. Kuna kutunza kwa chambo, ambako mpambe wa kikundi huanza yeye, kwa noti aliyopewa nyuma ya pazia, ili waliokaa waone haya. Noti inarudi nyuma ya pazia na kutoka tena mkononi mwa mpambe mwingine. Noti moja ya elfu tano yenye kona iliyochanika niliipokea jukwaani kwa macho mara nne, na kila mara ilishangiliwa upya. Kuna kutunza kwa chenji: msimbazi mmoja unavunjwa kaunta kuwa noti kumi za buku, na aliyekuwa na safari moja sasa anazo kumi, kila safari na mduara wake wa kiuno. Mama Kaunta alikuwa na kopo maalumu la chenji kwa kazi hiyo tu. Kuna pia kubandika noti kwenye paji la uso la mpiga kinanda, ambako kunategemea jasho, na kwa hiyo hakufai msimu wa kipupwe.

Lakini malkia wa aina zote ni kutunza kwa kupita. Kutoka meza iliyo chini ya feni hadi jukwaani ni hatua 11. Nilizipima mwenyewe wakati wa sarakasi. Bibi wa Meza ya Feni, mtu mzima, gauni la kung'aa, hakuwahi kutumia pungufu ya hatua 40. Alikwenda kwanza kaunta, akazunguka nguzo, akapunguza mwendo kwenye meza iliyo pale nguzoni, akasimama, noti juu, kidole kimoja kikicheza, akisubiri mwimbaji afike kwenye lile neno lenye ncha. Neno likishatoka, ndipo anaendelea. Fedha zimekwenda kwa mwimbaji, maneno yamekwenda kwa Bibi wa Meza ya Nguzo, na watu wote waliomo ni mashahidi. Hakuna barua iliyowahi kufika haraka hivyo bila kuandikwa. Na jibu halikuchelewa: wimbo uliofuata, Bi Nguzo naye huinuka, naye njia yake hupitia kwenye feni.

Chanzo cha ugomvi wao nilikusanyiwa nadharia tatu: mwanamume, sare ya harusi na zamu ya upatu. Wenyewe nilipowauliza, kila mmoja alisema, “Muulize mwenzangu.” Siamini tena kwamba chanzo kina umuhimu. Mji huu haujui kupenda kitu kimoja. Unataka viwili vinavyochukiana. Katika taarab ya zamani palikuwa na Egyptian na Al-Watan, katika dansi Sikinde na Msondo, katika maonyesho Muungano na TOT, na mpira siutaji, maana nina ndugu pande zote mbili. Wakati rusha roho ilipovuma miaka ya 1990, wapo waliosema mipasho itawagombanisha wanawake wa pwani. Niliyoyaona mimi ni kinyume. Mabibi hawa wawili, kila Jumamosi, walivaa, walisuka, walijifukiza udi, wakalipa kiingilio na kukodi bajaji kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Waume hawafanyiwi hivyo.

Saa saba na nusu usiku mwimbaji akaanza wimbo wa mwisho wa taarab. Bi Feni akainuka na msimbazi ambao haukuvunjwa. Akashika njia yake ndefu. Bi Nguzo naye, badala ya kusubiri zamu, akainuka wakati huo huo, na wakakutana katikati, mbele ya nguzo, noti juu, ukumbi kimya hata wapiga picha wameshusha simu. Nilikuwa umbali wa meza moja na daftari langu lilikuwa wazi.

“Mwenzangu,” Bi Feni akasema, “Jumamosi ijayo uko wapi?”

“Sijui. Wewe?”

“Sijui. Nitakupigia.”

“Huna namba yangu.”

“Ninayo.”

Bi Nguzo alimtazama muda wa kama ubeti mzima. Kisha wakaenda jukwaani pamoja, hatua chache zilizonyooka, wakatoa fedha zao, wakarudi kila mmoja kwenye meza yake. Sina jina la kutunza kwa namna hiyo. Sijakuona popote pengine.

Nikubali pia kosa la uainishaji ambalo halikuwa langu bali la ukumbi mzima. Pwani tunao usiku mmoja wa kuaga tunaoufahamu vizuri, nao ni vunja jungu. Ramadhani inakaribia, watu wanakula na kunywa na kucheza kama wanaofunga ghala, wanamuziki wanakunja nyaya, na mwezi mzima bendi inakaa kambini kufanya mazoezi. Idd Mosi inarudi na nyimbo mpya, na wewe unarudi na shati jipya. Ni kuaga kwa mtu anayekwenda sokoni. Kwa kuwa hatukuwa na kuaga kwingine ndani ya miili yetu, tulikutumia huko huko. Dansi la kufungia lilipokwisha, fundi mitambo akakunja nyaya kama anavyokunja siku zote, mpiga tumba akalegeza ngozi zake, na mtu mmoja karibu na mlango akapunga mkono: “Haya jamani, tuonane Idi!” Wengi wakaitikia. Kisha ukweli ukawapitia, mmoja baada ya mwingine, na ikawa kazi kujua uso uwekwe wapi.

Tulisaidiwa na mnunuzi wa viti. Alikuwa amevinunua vyote mchana, kwa bei ya jumla, na mkokoteni wake ulisubiri nje tangu saa sita. Akaanza kupita meza hadi meza: “Mzee, samahani, kiti.” Hiyo ndiyo mara pekee usiku ule nilipokutana na ngeli ya KI-VI iliyo halisi, isiyo na utata wa pumzi. Vilibebwa vitano vitano. Mzee wa suti ya Kaunda alikuwa amefika mwaka 1979 katika hadithi yake kiti kilipoondolewa chini yake, na alifika 1981 akiwa wima, bila kukata sentensi. Yule mleta tofali alikuwa bado anamsikiliza, karanga mkononi.

Imebaki ngeli ya mahali, na ndiyo inayonisumbua hadi leo. Mahali pana sura tatu: PA ya pale unapoweza kupaonyesha kwa kidole, KU ya kule ambako kidole kinayumba, na MU ya mle ndani. Usiku wa kuaga tulikuwa mle. Jumapili asubuhi niliupita mlango umefungwa kwa kufuli jipya, nikasema pale. Mwezi ulipokwisha, kuta zimeshuka na mabati yamezungushwa, nilimsikia dereva wa bodaboda akimwelekeza mtu kwamba ni kule, kulikokuwa na muziki. Kwa hesabu zangu, baada ya KU hakuna ngeli nyingine ya kushukia, na nilikuwa tayari kufunga utafiti.

Ila nilikuwa nimewasahau makonda. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki Desemba 2010, na mpaka leo Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy, na abiria anayeshuka pale hajioni kwamba amefanya jambo lolote la ajabu. Wiki iliyopita nilipanda daladala ya kupita Magomeni. Fremu zimefika kwenye linta. Ya kwanza imekwisha kupata mpangaji, ameandika kwa chaki kwamba atauza vifaa vya simu. Konda alikuwa kijana ambaye nina hakika hakuwahi kulipa kiingilio cha ukumbi wowote. Tulipokaribia aligonga bati mara mbili.

“Ukumbini yupo?”

Nilitoa daftari nikaitazama sentensi yake nikitafuta kosa. Ngeli ya A-WA, umoja, wakati uliopo.

“Yupo,” akajibu mama mmoja wa kiti cha nyuma, akaanza kukusanya kapu lake.